Jumuiya Isifie Mikononi Mwako

Jumuiya nyingi huanza kwa kishindo. Nyumba inajaa, viti vya plastiki vinaazimwa kwa jirani, watoto wanabanana kwenye mkeka karibu na mlango. Miezi michache baadaye wamebaki akina mama watano na mzee mmoja, wale wale kila wiki.

Kama wewe ni mwenyekiti, katibu, au mwanajumuiya tu unayeona watu wanapungua, makala hii ni yako. Kwenu mnaweza kuiita jumuiya, ushirika wa nyumbani au seli. Kazi ni ile ile. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 chini ya AMECEA, walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele chao cha uchungaji. Kabla ya hapo, watu wa uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walikuwa wameshajizoesha kukutana katika vikundi vidogo, kusoma Neno na kuelezana ukweli wa maisha yao. Kanisa la Jumapili ni kubwa mno kwa mtu kugundua kwamba wewe hukuja. Jumuiya inagundua.

Kinachoiweka hai ni mambo madogo yanayofanyika kila wiki bila kuruka. Twende nayo moja moja.

Fungeni siku na saa

Chagueni siku moja na saa moja, mzishike mwaka mzima. Mjini, Jumamosi saa 12 asubuhi inawafaa wengi: mtu anasali, kisha anawahi kazini au sokoni. Kama wengi wenu ni wa shifti za usiku au mnafungua genge alfajiri, Jumapili saa 10 jioni ni afadhali. Waulize wenyewe kabla ya kupanga.

Anzeni kwa wakati hata mkiwa watatu. Mkizoea kusubiri, waliowahi nao watajifunza kuchelewa. Malizeni ndani ya saa moja. Anayejua kwamba saa 1 atakuwa ameshatoka, atarudi wiki ijayo. Aliyeshikiliwa hadi saa 2 na nusu kwa matangazo, atatafuta udhuru.

Weka daftari la watu

Nunua kaunta buku. Kila familia ipe ukurasa wake: majina ya wote, watoto wakiwemo, namba ya simu, kazi, saa wanazopatikana, na kama kuna mgonjwa au mzee asiyetoka. Kila mkutano, weka alama ya waliokuja. Usisome majina kwa sauti kama mwalimu wa zamu. Weka alama kimya kimya.

Usidharau kazi hii. Fungua Warumi 16 uone Paulo anavyotaja watu zaidi ya 20 kwa majina, wengi wao pamoja na jambo walilofanya: huyu alinifadhili, huyu alijitaabisha, hawa walihatarisha maisha yao. Alikuwa anawajua watu wake. Nawe wajue wako.

Aliyekosa afuatwe mapema

Hapa ndipo jumuiya inapopona au kufa, kwa hiyo tukae kidogo.

Akikosa mara moja, piga simu ndani ya siku mbili. Akikosa mara mbili mfululizo, nenda kwake, wewe na mwenzako mmoja. Usingoje miezi mitatu. Baada ya miezi mitatu mtu ameshazoea kutokuja, na anaona aibu kurudi.

Simu iwe fupi: "Dada, habari za siku? Jumamosi tulikukosa. Mko salama nyumbani?" Halafu nyamaza, msikilize. Usiseme "Siku hizi umepotea sana" wala "Umeanza kupoa kiroho?" Hayo ni mashitaka, na mtu akishitakiwa hujitetea.

Ukifika kwake, usikae muda mrefu na usianze na mahubiri. Mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi:

- *Michango.* Anadaiwa na anaona haya. Mwambie wazi kwamba kuja hakuna kiingilio, na umweleze mhazini asimtaje.
- *Kazi.* Shifti imebadilika. Muunganishe na jumuiya ya jirani inayokutana saa nyingine, au mpe kazi anayoweza kufanya akiwa mbali.
- *Maneno.* Kuna mtu alimsema. Hilo lina utaratibu wake, tutalifikia.
- *Aibu.* Binti amepata mimba, ndoa imeyumba, kijana amekamatwa. Kaa naye. Usiulize maswali ambayo majibu yake hayakuhusu.
- *Ugonjwa au uchovu.* Siku hiyo osha vyombo, chota maji, omba, ondoka.

Kabla hujaaga, sema mkutano ujao uko kwa nani na saa ngapi, kisha ongeza: "Nitakupitia." Na kweli umpitie. Mtu aliyepotea muda mrefu haogopi Mungu kama anavyoogopa kuingia peke yake watu wote wakamgeukia.

Neno liwe la wote

Watu wakija kusikiliza mtu mmoja tu, watamwachia huyo mtu jumuiya yake. Tumieni njia ya hatua saba iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Haihitaji mwalimu wala mtaalamu.

1. Mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala fupi, kwa maneno yake mwenyewe.
2. Mnasoma kifungu polepole. Mistari 8 hadi 12 inatosha.
3. Kila anayetaka anataja neno au sentensi iliyomgusa, anairudia mara tatu. Haelezi chochote. Kisha kifungu kinasomwa tena.
4. Ukimya wa dakika tatu. Kiongozi aangalie saa, maana dakika tatu za kimya ni ndefu kwa asiyezoea.
5. Mnashirikishana: neno hili limenigusaje mimi? Hakuna kumfundisha mwenzako, hakuna kumsahihisha.
6. Mnaamua jambo moja la kufanya wiki hii. Nani, lini, wapi.
7. Sala za papo kwa papo, fupi fupi, mkimalizia na Baba Yetu.

Hatua ya 6 ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo inayotofautisha jumuiya na darasa. "Tuwapende wagonjwa" si uamuzi. "Alhamisi jioni watatu waende kwa babu mwenye kisukari, wambebee mboga" ndio uamuzi. Katibu auandike. Wiki ijayo kabla ya sala ya kwanza, uliza kama ulifanyika.

Na yule anayegeuza hatua ya 5 kuwa mahubiri? Yupo kila mahali. Weka kanuni ya dakika mbili kwa kila mtu, na uitangaze kabla ya kuanza ili isionekane inamlenga yeye. Akizidi, msubiri apumue: "Asante sana, mzee wetu. Tumsikie na mama pale." Kwa heshima, lakini bila kusita.

Kama hamtoki dhehebu moja, Biblia Habari Njema itawasaidia, kwa kuwa Wakatoliki na Waprotestanti waliitafsiri kwa pamoja. Wazee waliozoea Union Version waache waisome yao. Kusikia kifungu kwa maneno mawili tofauti hakumwumizi mtu.

Ondoeni mashindano ya chai

Wiki hii chai na mihogo. Wiki ijayo chai, maandazi na mayai. Inayofuata, pilau. Ikifika zamu ya mama anayeuza vitumbua, anasema ana safari. Hana safari. Hana pilau.

Wakubaliane wote: maji ya kunywa, basi. Mkitaka kula pamoja, fanyeni mara moja kwa miezi mitatu, kila mtu alete alichonacho, kipakuliwe sufuria moja. Kanisa la Korintho liliaibika kwa jambo hili hili. Wengine walishiba hadi kulewa wakati wengine wana njaa, na Paulo aliwakemea bila kuficha katika 1 Wakorintho 11.

Na nyumba ya chumba kimoja ipewe zamu kama nyumba ya geti. Watakaokosa nafasi wakae nje barazani. Yakobo 2 inazungumza moja kwa moja na jumuiya inayompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini akae chini.

Fedha ziwe mezani

Mambo manne, hakuna la tano. Mhazini mmoja, na mwingine wa kuhesabu pamoja naye. Kila shilingi iandikwe siku ile ile, ya mkononi na ya simu. Salio lisomwe kila mwisho wa mwezi mbele ya wote. Jina la ambaye hajachanga lisisomwe kamwe.

Kama mnachangia kwa simu, tumieni namba iliyosajiliwa kwa kazi hiyo tu, isichanganywe na fedha za nyumbani za mhazini. Mhazini mwaminifu huumbuka kwa sababu hakuweka mipaka, akashindwa kueleza kipi ni chake. Paulo mwenyewe aliposafirisha mchango wa makanisa aliongozana na watu wengine ili asipate lawama. Soma 2 Wakorintho 8. Kama mtume alihitaji shahidi, mhazini wenu anamhitaji pia.

Ugomvi una hatua zake

Waswahili husema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Ni onyo zuri kwa wanaopenda kuingilia. Lakini wewe uliyekosewa huna ruhusa ya kwenda shambani. Mathayo 18 inakutuma kwa mwenzako.

*Kwanza, ninyi wawili.* Nenda kwa miguu yako. Usitume ujumbe, maana maandishi hayana sauti na yanahifadhiwa. Usiende usiku, usiende watoto wakiwa wamekaa, usichague msibani au harusini. Ukifika, sema kilichotokea, usiseme tabia ya mtu. "Una dharau" itawasha moto. Sema: "Jumamosi ulisema mbele ya watu kwamba sijachanga. Nilikuwa nimechanga, na iliniuma." Kisha mwachie nafasi aseme yake. Huenda alisoma mstari usio wako kwenye daftari la michango.

*Ikishindikana, mmoja au wawili.* Chagua mtu ambaye hata mwenzako angemchagua. Si shoga yako, si shemeji yako. Kule Filipi, Euodia na Sintike walipokosana, Paulo alimwomba mtu wa tatu awasaidie. Hakuwaambia watu wote wachague upande.

*Ikishindikana tena, viongozi.* Katekista, mzee wa kanisa, mchungaji, paroko. Mpe maelezo mafupi, na usimtangulie kwa kusambaza habari mtaani.

Mkipatana, fanyeni jambo moja pamoja wiki hiyo hiyo: mkamtembelee mgonjwa, au mpange viti. Msipopatana, msifunge mlango kwa maneno makali. Paulo na Barnaba waliachana kwa sababu ya Marko, kila mmoja akashika njia yake. Baadaye ni Paulo huyo huyo aliyeandika aletewe Marko kwa kuwa anamfaa. Kama angemtukana siku ile, barua hiyo ingekuwa ngumu kuandika.

Onyo moja kubwa. Kipigo cha nyumbani na unyanyasaji wa mtoto si "ugomvi wa kuelewana". Usimkalishe aliyeumizwa meza moja na aliyemwumiza ili "wasameheane". Mpeleke hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, na kwa mtoto piga 116 bila malipo. Kusamehe kupo, lakini kunakuja baada ya mtu kuwa salama.

Maombi yasiwe umbea

"Tumwombee dada fulani, mume wake ameanza tena." Hapo mmeshamsema, na Amina haitayafuta maneno hayo.

Kanuni ni nyepesi: jambo la mtu haliletwi kwenye maombi bila ruhusa yake. Kama hujaombwa, sema "nina ndugu mwenye shida", Mungu anamjua jina. Aliyefungua moyo wake jumuiyani asikute habari zake kwenye daladala Jumatatu. Akikuta mara moja tu, hatafungua tena, na wengine watajifunza kwake. Ni kweli mficha uchi hazai, lakini mtu hujifunua penye stara.

Grupu la WhatsApp nalo lipewe kazi tatu: ratiba, taarifa za wagonjwa na misiba, na andiko la wiki. Jumbe za "tuma kwa watu 10 upate baraka" ziachwe. Siasa na matangazo ya biashara yaende kwingine. Na ukumbuke kwamba wapo wasio na simujanja. Hao wapigiwe.

Kila mtu apewe mzigo wake

Mtu hubaki pale anapohitajika. Tazama daftari lako, jiulize kila mtu ana kazi gani. Kijana wa bodaboda ampitie bibi asiyeweza kutembea. Binti wa kidato cha pili asome somo. Mwenye sauti aanzishe wimbo. Baba asiyependa kuongea atunze funguo na viti. Aliyerudi juzi baada ya kupotea, mpe jambo dogo mapema.

Vijana usiwape kufagia tu. Wape hatua ya 6, ule uamuzi wa wiki, waisimamie mwezi mzima, uone.

Na kiongozi, kaa muda wako, uachie wengine. Mweke msaidizi tangu siku ya kwanza, aongoze mara moja kila mwezi ukiwepo. Jumuiya ya mtu mmoja huhama naye akihama.

Nendeni baada ya msiba pia

Siku ya mazishi hakuna jumuiya inayokosa. Turubai linafungwa, rambirambi zinakusanywa, sufuria zinapangwa. Baada ya kuanua matanga kila mtu anarudi kwake, na mjane anabaki na kitanda kipana na barua za shule.

Andika kwenye daftari tarehe tatu: wiki ya pili, mwezi wa pili, na siku ya mwaka mmoja. Tarehe hizo watu wawili waende. Ulizeni mambo ya kawaida: watoto wamerudi shule? Nyaraka za mafao zimefika wapi? Yupo wa kumsindikiza ofisini? Kanisa la kwanza liliona wajane wanasahauliwa likateua watu saba washughulike na jambo hilo, Matendo 6. Ninyi teueni hata wawili.

Ishini vizuri na jirani wa kanisa jingine

Ukuta kwa ukuta na nyumba yenu kuna Mlutheri, Mwanglikana, Mkatoliki, Mpentekoste, Msabato. Akifiwa, nendeni. Akiwa na mkesha, msimlalamikie kabla ya kwenda kuongea naye. Anayesema "Tumsifu Yesu Kristo" mwitikie "Milele amina". Anayesema "Bwana asifiwe" mwitikie "Amina". Hakuna atakayepungukiwa.

Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo ni Januari 18 hadi 25 kila mwaka. Panga mapema Desemba: jioni moja, nyumba moja, somo moja, jumuiya mbili. Msijadili mnapotofautiana kabla hamjasali pamoja. Na msitumie jioni hiyo kuvutana waumini. Mkishaanza kunyang'anyana kondoo, mwaka ujao mtakutana wenyewe.

Ukihama, tafuta wenzako mapema

Kazi imekupeleka Dodoma, chuo kimekupeleka Mwanza. Kabla ya kuondoka chukua barua ya utambulisho. Paulo alimwandikia Fibi maneno ya kumtambulisha kwa Warumi, wampokee na kumsaidia. Ukifika, usisubiri "utulie kwanza". Nenda kanisani Jumapili ya kwanza, uliza jumuiya iliyo karibu na unapoishi, upate namba ya kiongozi. Wengi walioacha imani mjini hawakupanga kuiacha. Walipanga kuanza wiki ijayo.

Na usikimbilie kila mkutano mkubwa unaopita mjini ukaacha wale walio mlangoni kwako. Usiache mbachao kwa msala upitao. Spika zitapakiwa kwenye lori. Wa kukuletea uji ukiugua ni hawa wa jumuiya.

Ukikauka, fanya hivi

Itafika siku unasali na husikii chochote. Usiitangaze, usiifiche. Mwambie mtu mmoja unayemwamini.

Kisha angalia mwili wako. Eliya alipoomba afe, malaika hakuanza na hotuba. Alimpa mkate na maji, Eliya akalala tena, akaamshwa, akala tena. Maneno ya Mungu yalikuja baadaye, na pamoja nayo habari kwamba hayuko peke yake, wako 7,000. Kwa hiyo kula, lala, punguza majukumu mawili.

Halafu punguza ibada badala ya kuiacha. Zaburi moja asubuhi. Baba Yetu moja usiku. Jumuiya moja kwa wiki, hata kama utakaa nyuma bila kuimba. Siku hiyo waache wengine waimbe na waamini kwa niaba yako. Wewe uliwafanyia hivyo walipokuwa na zamu yao.

Hayo yote hutaweza kuyaanza pamoja, wala usijaribu. Anza na moja, leo: mtafute mmoja ambaye hujamwona jumuiyani mwezi huu, mpigie kabla hujalala, umwambie mnakutana kwa nani Jumamosi na kwamba utampitia. Kisha umpitie.